Bibi, Umenikaushia

Mollo, Sumbawanga
Jumapili, nimeshamaliza kukamua

Kwa Bibi Nyamizi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Na wewe Kabula unayemsomea, shika karatasi vizuri, soma polepole, na ukifika mahali ninapokusema usiruke. Bibi atajua tu, maana sauti yako ikidanganya huwa inapanda juu.

Bibi, magoti yanasemaje? Lile la kushoto lililokuwa linatabiri mvua bado liko kazini au limestaafu? Kuku wanataga? Na yule jogoo mwenye dharau bado anakufukuza uwani kwako mwenyewe? Mimi huku ni mzima, shingo imenenepa, ukiniona utadhani ni mtoto wa mwenye duka. Ni baridi tu ndiyo hatujaelewana. Huku juu upepo unatembea kwenye nyasi tupu, hauna mti wa kuuzuia, unakuja moja kwa moja kwenye mbavu za mtu. Nakamua nimevaa makoti mawili, moja langu na moja la marehemu mume wa Mama Gauda, mwenye ng'ombe, na ng'ombe wananitazama kama wameingiliwa na mwizi.

Naandika kwa sababu simu imekataa. Mtandao hauna kosa, ni wewe. Kila nikipiga Kabula ananiambia, "Bibi yuko shambani," na mimi nakusikia unakohoa hapohapo pembeni yake. Bibi, kikohozi chako nakijua toka nikiwa mgongoni kwako. Mara ya mwisho nikamwambia Kabula, "Liambie hilo shamba likanywe maji ya moto." Kabula akacheka. Wewe hukucheka. Hapo nikajua jambo ni zito.

Najua ni banda. Najua ulimwita fundi Masanja, ukamlisha siku zote za kazi, akajenga banda lenye bati na hori la mbao la kulishia, kwa ajili ya mtamba niliyesema namleta. Najua watu wakipita njiani wanauliza, "Mgeni wenu wa Sumbawanga ameshafika?" na sasa humo mnaweka kuni. Mimi nikapiga simu nikasema tu, "Bibi, mwaka huu siji, mambo yameingiliana," nikakata. Kwa maneno hayo hata mimi ningekasirika. Leo nakueleza yote, na barua hii namkabidhi dereva wa lori la mahindi, lilelile nililosema nitapanda na mtamba wangu. Safari hii limebeba karatasi.

Nianze mbali kidogo ili hata Kabula aelewe, maana kichwa chake nakijua.

Nilipofika kwa Mama Gauda kuomba kazi nilijisifu sana. Nilimwambia, "Mama, mimi Msukuma. Ng'ombe niliwakuta nyumbani kabla sijazaliwa." Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele. Akasema, "Hao wa kwenu unawachunga. Hawa wangu unawalisha. Tutaona." Nikamcheka kimoyomoyo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe sita anaitwa maskini. Huyu mama ana sita na anaongea kama ana mia.

Bibi, sita hao ni kazi. Kwetu ng'ombe anakwenda kujitafutia, jioni anarudi na tumbo lake. Hawa wamesimama bandani kama wageni wa harusi, wanasubiri kuletewa. Asubuhi unakatakata mabua kwa panga mpaka bega linalia. Unachanganya na pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na chumvi. Na huwapi sawasawa. Anayejaza ndoo anaongezewa, anayetoa kidogo anapunguziwa, halafu hela ya maziwa ndiyo inayorudi kununua pumba. Ukikosea hapo, Mama Gauda anasema, ng'ombe anaanza kumla mwenye ng'ombe. Nilijifunza, Bibi. Hili sijisifu, au najisifu kidogo tu. Nikiingia dukani nashika mashudu, nanusa, najua kama ni ya mwaka huu au yamelala yakaota ukungu. Mwenye mashine ya alizeti ananiogopa.

Kati ya sita hao alikuwepo Nyota. Mweusi mwili mzima, ila ana doa jeupe kwenye paji la uso. Wenzake wanapiga teke, yeye anageuka analamba koti langu mgongoni wakati namkamua, mpaka koti limepoteza rangi hapo. Alipokuwa na mimba, Mama Gauda akaniambia, "Mayala, umekaa vizuri na mimi, hujanisumbua kwa kuombaomba. Nyota akizaa jike, huyo ni wako. Akizaa dume, bahati yako mbaya."

Sasa mtu mwenye akili angesubiri. Mimi siku hiyohiyo nikakupigia. Unakumbuka nilivyosema? Nilisema naleta mtamba wa maziwa, nikaeleza rangi yake, nikaeleza ndoo anayojaza, nikasema mwenyekiti wa kijiji atakuja kwako na kikombe kuomba. Ndama mwenyewe alikuwa bado tumboni, wala hatujui jike au dume, na mimi nilikuwa nimeshampakia kwenye lori. Wewe ukaamini. Ukaenda kumwita fundi.

Basi, binti wa Mama Gauda akajifungua kwa upasuaji huko Mbeya, mama akalazimika kwenda kumuuguza. Akanipa funguo mbele ya Deo. Deo ni kijana wa Kifipa anayepeleka maziwa yetu mjini, mpaka Izia, kwa baiskeli. Mama akasema, "Nikirudi nikute ng'ombe, nikute pumba, nikute hela. Visikosekane hata kimoja."

Siku hiyo nilivaa buti za marehemu. Nikamwambia Deo kuanzia leo aniite Meneja, akikosea maziwa hayapandi baiskeli. Deo akasema, "Sawa Meneja, ila buti la kushoto umelivaa kulia." Hao ndio Wafipa, Bibi, wapole lakini mdomo wanao.

Na kazi niliifanya. Pumba hazikupungua, hela ilikaa, ng'ombe waling'aa. Kikatokea kitu kimoja tu, maziwa ya Nyota yakaanza kushuka, na tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa. Nikampigia mama. Mama Gauda ukimpigia simu anaongea kama maneno yanauzwa kwa lita.

"Mama shikamoo. Nyota maziwa yanapungua."

"Marahaba. Nyota kausha."

"Kausha, mama?"

"We kausha. Mtoto analia huku." Akakata.

Kabula, hapa mweleze Bibi. Huku kwa vijana mtu akikwambia "kausha" maana yake nyamaza, potezea, jifanye hujaona. Nilicheka peke yangu bandani. Nikasema kweli Mbeya ni mji, mama kakaa muda mfupi tu ameshaanza lugha ya kijiweni. Nikamsimulia Deo, naye akacheka mpaka akaegemea baiskeli. "Mama Gauda kasema kausha?" "Kasema." "Basi Meneja, kausha."

Bibi, wewe uliyekamua toka usichana ungesikia neno hilo ungeelewa nini? Kwetu ng'ombe hukauka mwenyewe. Ndama anavuta chake, sisi tunapata kikombe, siku moja maziwa yanakwisha na hakuna anayeuliza. Sijawahi kumwona babu, wala baba, wala mjomba Luhende akimkausha ng'ombe. Kwa hiyo sikuwa na mahali pa kulikuta neno hilo isipokuwa kijiweni.

Nikakausha. Sikumpigia tena mama kuhusu maziwa. Lakini meneja ataachaje maziwa yashuke? Nikamwongezea Nyota pumba, nikamwongezea mashudu, nikawa nampa vya wenzake. Na maziwa yakapanda. Deo akanyanyua ndoo akasema, "Meneja, huyu ng'ombe umemfanyia nini?" Nikajigonga kichwani kwa kidole. "Akili, Deo. Akili ya Usukumani." Ninavyoandika hivi masikio yanaungua.

Mama akarudi asubuhi moja bila kutuambia. Alishuka kwenye bodaboda na mabegi yake, nyumbani hakuingia, akaja bandani kwanza. Akanikuta nimechuchumaa chini ya Nyota, ndoo katikati ya magoti, naimba.

"Mayala. Huyo si Nyota?"

"Ndiye, mama. Karibu. Anajaza siku hizi."

"Unamkamua?"

Nikaona uso wake, nikaacha kukamua.

"Si nilikwambia kausha?"

"Nilikausha, mama. Sikumwambia mtu, ila Deo."

Bibi, yule mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Alichukua ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia, akaweka mkono shavuni. Deo alikuwa mlangoni na baiskeli yake, akataka kucheka, akamwangalia mama, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Baadaye mama akasema taratibu, "Mwanangu, kumkausha ng'ombe ni kuacha kumkamua. Miezi miwili kabla hajazaa. Apumzike, mwili wake utengeneze dang'a, maziwa ya kwanza ya mtoto. Wewe umemkamua mpaka ya mtoto."

Kumkausha wakati huo ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wameshatoka. Nyota hakumaliza hata wiki, akazaa.

Alizaa mchana, jua kali na upepo wa baridi juu yake, kama ilivyo huku. Na alikuwa jike. Nakuambia ukweli wote, hata huu unaoniuma zaidi. Jike, mweusi, na doa kwenye paji la uso, dogo kama punje ya mahindi. Alikuwa mdogo mno, miguu inapishana kama ya mlevi. Nilimpa jina hapohapo. Nilimwita Nyamizi, jina lako, ili nikifika nyumbani nikiita mara moja muitike wawili. Nilishapanga na utani wote.

Unaijua dang'a, Bibi. Ile nzito ya njano, tulikuwa tunaigombea utotoni na Kabula ananitolea kucha. Iliyotoka kwa Nyota ilikuwa kama maji yaliyooshea mchele. Mama alipoiona kwenye kiganja changu akageuza uso. Deo akapanda baiskeli kwenda kwa watu wenye ng'ombe aliyezaa, akarudi na chupa ya soda imejaa dang'a ya kuomba, akiwa ameiweka kifuani isipoe. Tukamnywesha. Alimeza kidogo. Nilimfunga koti la marehemu. Akaanza kuhara, akaacha kunyonya, na asubuhi moja alikufa kichwa chake kikiwa kwenye goti langu. Nikaendelea kukaa, maana nilifikiri amelala.

Na mama yake akaanguka. Ameshazaa, amesimama, halafu miguu ikakataa, akalala na shingo ameikunja kuelekea ubavuni. Bwana mifugo akaja na pikipiki, akatundika chupa ya dawa kwenye msumari, akamtia mpira kwenye mshipa wa shingo, dawa ikawa inashuka tone kwa tone. Akasema ni homa ya maziwa. Akaniuliza, "Wewe ndiye meneja?" Nikamwambia, "Hapana mzee, mimi nachota maji tu." Deo alinisikia. Toka siku ile hajaniita Meneja tena, hata kwa utani, na mimi ningependa aniite.

Nyota akainuka. Lakini maziwa yalikuwa yameondoka, na chuchu moja ikawa ngumu kama jiwe. Siku kadhaa baadaye Mama Gauda akaja na mwenye bucha. Yule mtu akamshika Nyota nyonga, akamshika mbavu, akawa anamkadiria kwa macho. Nyota akageuka, akanilamba koti. Nikaweka panga la mabua chini.

"Mama, usimuuze."

"Nitamlisha na nini, Mayala? Hana maziwa. Atakula ya wenzake."

"Mlishe na mshahara wangu."

"Na banda la bibi yako?"

Maana na hilo nilikuwa nimemwambia, nilijisifu kwake kuwa bibi yangu ameshajenga banda la bati kwa ajili ya ng'ombe wangu. Nikasema, "Wataweka kuni, mama." Akacheka, mara ya kwanza toka arudi Mbeya, halafu akajifuta macho kwa kanga. Akamwambia mwenye bucha, "Baba, samahani kwa usumbufu."

Tukakubaliana hivi. Nyota anakaa. Namhudumia mimi, mshahara unakwenda kwenye pumba zake na dawa. Akipata nguvu anapandishwa tena, na safari hii nikae naye mpaka akaushwe kwa haki yake na azae. Ndiyo sababu siji, Bibi. Hayo ndiyo mambo yaliyoingiliana.

Sikufichi, niliwaza njia nyingine. Niliwaza nichukue hela yangu, nije, ninunue ndama wa kienyeji mnadani hapo nyumbani, nimwingize bandani usiku, asubuhi watu waone mkia. Wangenyamaza. Lakini kila mara ambapo ungemwangalia yule ndama ungeniuliza habari za Nyota, na mimi ningekwambia nini? Kwamba yuko kwenye ndoano ya bucha, na aliyempeleka huko ni neno nililolisikia vibaya kwa sababu niliona aibu kuuliza mara ya pili? Hapo ndipo panaponikera, Bibi. Ningeuliza tu, "Mama, kumkausha ndiyo kufanyaje?" Swali la mtoto. Lakini meneja haulizi.

Mwezi uliopita mama amenipa kazi ya kumkausha ng'ombe mwingine, anaitwa Zawadi, kwa mikono yangu mwenyewe. Unampunguzia pumba. Unaruka kumkamua asubuhi, halafu unaruka na jioni, unamtia dawa kwenye chuchu, unamtenga na wenzake. Basi ikifika saa yake ya kukamuliwa anakuita. Analia, Bibi, kiwele kimejaa, anakutafuta kwa macho, na wewe umesimama nyuma ya ukuta na ndoo tupu. Nilitaka kwenda. Mama akanishika mkono. "Usiende. Ukimwonea huruma leo utamwumiza mtoto." Nikakaa nyuma ya ukuta mpaka akanyamaza.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na kikohozi chako. Nikasema kumbe bibi yangu ananikausha. Amenipunguzia pumba, ameruka asubuhi, ameruka jioni, na mimi nalia kwenye simu ya Kabula. Lakini sijui kama ni kausha ya kijiweni au ni hii ya Mama Gauda, ya kumpumzisha mtu ili baadaye atoe kitu chema. Kama ni hii ya pili, nimekubali, nastahili.

Nisalimie mjomba Luhende, mwambie asiwasimulie wenzake kwenye pombe, ingawa najua atawasimulia. Msalimie shangazi, mama yake Kabula, mwambie bintiye anasoma vizuri ila asiruke mistari. Fundi Masanja mwambie hori lake lisivunjwe kuwa kuni. Siahidi jike. Nimeacha kuahidi kilicho tumboni. Lakini kuni mngezihamishia jikoni, ikiwezekana, panya wasije wakalizoea banda. Na yule jogoo nisalimie, mwambie nikija tutaonana.

Jambo la mwisho. Mama Gauda anasema ng'ombe ukimkausha kupita miezi miwili ananenepa bure, anasahau hata kazi yake. Bibi, wewe miezi miwili umeshaimaliza. Jumapili ijayo, mama akitoka misa, nitapiga. Kama hasira bado ipo, usiseme kitu. Mwambie Kabula asogeze simu, ukohoe tu.

Mimi mume wako mdogo, mchota maji wa Nyota,
Mayala